Toa sindano kwanza: kwa vijana mnaofungua tairi la bajaji kwa haraka

Wadogo zangu, mimi si mtu wa kununa. Lakini wiki hii nimemkuta mmoja wenu kachomeka njiti ya kiberiti kwenye valvu ya tairi la nyuma, kaikata ikawa fupi, kafunga kofia juu yake, kisha kaita abiria wa Mbezi. Mwingine katafuna jojo akabandika, eti itashika mpaka jioni. Deiwaka akifanya hivyo namwelewa, bajaji si yake. Wewe mwenye mkataba, unayehesabu miezi chombo kiwe chako, unabandika jojo kwenye mali yako mwenyewe? Basi nayaandika haya mara moja, mkaniache nile chakula changu cha mchana kwa amani.

1. Jua kwanza upepo unatokea wapi.

Tairi likilala kila asubuhi, mnakimbilia kusema pancha. Fundi anatoa tyubu, anaitumbukiza kwenye karai, haoni kitu, anarudisha, anachukua hela yake. Kesho limelala tena. Anza na valvu, haikugharimu chochote. Fungua kofia, paka mate kidogo kwenye mdomo wa valvu kwa ncha ya kidole. Mwenye kinyaa atumie povu la sabuni. Kiputo kikipanda, sindano ya ndani, yaani kile kipini kidogo kinachofunga upepo ndani ya valvu, ndiyo inayovujisha. Kisha paka povu pale shina la valvu linapoingia kwenye ringi, uliyumbishe taratibu.

Hapa ndipo hata wakongwe wanadanganyika. Tyubu ikitoboka popote, hata upande wa pili kabisa, upepo unazunguka ndani ya tairi ukitafuta pa kutokea, na mara nyingi unatokea kwenye tundu la valvu. Kwa hiyo povu likichemka pale kwenye shina, usiape kwamba shina limechanika. Umepata sababu ya kufungua, basi. Mwenye hatia atajulikana kwenye karai.

2. Sindano.

Mara nyingi ni mchanga tu. Ibonyeze upepo upige kidogo, uchafu utoke, jaza tena, pima tena. Ikiendelea, weka mpya na uikaze mpaka ikatae, uishie hapo. Ukizidisha nguvu unakata kile kimpira chake, halafu unarudi kwangu kulalamika kwamba sindano za siku hizi feki. Usihangaike kutafuta "ya bajaji". Valvu hii asili yake ni ya Schrader wa Marekani, hataza yake ilitoka 1893, na hadi leo sindano ya pikipiki au ya gari dogo inaingia kwenye bajaji yako. Weka mbili za akiba chini ya kiti pamoja na kile kifunguo chake kidogo. Na kofia si pambo: bila kofia, mchanga unakaa mdomoni mwa valvu, na siku ya kujaza upepo kompresa inausukuma wote ndani.

3. Usiguse nati za ringi kabla sindano haijatoka.

Hii ndiyo iliyonikalisha niandike. Ringi ya bajaji ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Kuna nati zinazoshika gurudumu kwenye drami ya breki, na kuna nati zinazoshika kipande kwa kipande. Za kwanza unaweza kufungua tairi likiwa na upepo wake wote, na kila siku mnafanya hivyo. Za pili zinakuua.

Mimi nilijua hayo. Sitajifanya kwamba hakuna aliyeniambia. Mzee aliyenifundisha kazi alilisema kila alipotuona tumeinama na spana. Tatizo ni kwamba siku ile tairi lilikuwa linavuja kwenye valvu, na akili yangu ikasema: linavuja, maana yake limeshaisha. Nilikuwa nimeegesha bajaji kivulini tangu adhuhuri nikisubiri lilale lenyewe. Nikalibonyeza kwa kisigino, likabonyea. Sindano ilikuwa imeshikwa na kutu, kifunguo changu nilikuwa nimemwazima mtu, na hesabu, ile hela ya kila siku ya tajiri mwenye bajaji, ilikuwa haijatimia hata nusu. Nikasema, ya nini kuhangaika na sindano ya tairi lisilo na upepo?

Nikalilaza gurudumu chini, nikapiga magoti juu yake, nikaanza nati moja moja. Sikuzilegeza kwa zamu. Nilikuwa natoa kabisa, naweka kwenye kofia yangu, naenda inayofuata. Spana ilikuwa inakuwa nzito kadiri zinavyopungua, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili timamu. Mimi nikalaumu kutu. Zilipobaki mbili, moja ikakatika yenyewe. Kipande cha juu kikainuka upande mmoja, tyubu ikatokeza katikati kama ulimi, ikapasuka. Watu wa kijiwe walilala chini, mama wa mihogo akaacha karai likiungua. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma naangalia kidole gumba, sijui kama bado ni changu. Kucha ilikwenda. Kilikuwa chuma kilekile ambacho dakika moja kabla nilikuwa nimekiinamia kwa uso ili nione nyuzi za nati vizuri.

Nilichokuja kukielewa baadaye, nikiwa na bandeji na muda mwingi wa kufikiri, ni hesabu yenyewe. PSI 10 ni tairi laini, kidole kinazama, hakuna anayeliita tairi lenye upepo. Lakini PSI 10 maana yake ni pauni 10 kwa kila inchi moja ya mraba, na ubavu mmoja wa tairi la 4.00-8, saizi ya bajaji, una zaidi ya inchi 100 za mraba. Hiyo ni zaidi ya pauni 1,000, karibu nusu tani, inayosukuma kwenda nje. Nguvu nyingi inabebwa na tairi lenyewe, lakini fungu linalobaki linabebwa na nati. Ukitoa moja, zilizobaki zinagawana mzigo wake. Ukibakiza mbili, ndiyo hivyo. Na valvu inayovuja huishiwa kasi: upepo wa mwisho unatoka polepole kuliko wa kwanza, kwa hiyo unaweza kusubiri kivulini mpaka alasiri na bado ukute humo ndani kuna wa kukutosha.

Tajiri alilipwa tyubu, ringi, na hesabu za siku zote ambazo sikuweza kushika usukani. Hakunipigia kelele. Alinyamaza tu, na bora angepiga kelele.

Kwa hiyo: sindano nje, uso pembeni, kwa sababu ikichomoka na upepo inaruka. Ukiisha kuitoa, pitisha kijiwaya kwenye shina uhakikishe njia haijaziba. Tyubu iliyojikunja inaweza kufunga njia na upepo ukabaki ndani. Kandamiza tairi kwa magoti mpaka lisipumue. Ndipo ulegeze nati zote nusu mzunguko, kwa msalaba, uone kama vipande vinatulia. Sindano ikishikwa na kutu na ikakataa kabisa, itoboe tyubu. Ndiyo, itoboe. Tyubu inauzwa dukani.

4. Shina likichanika pale linapoungana na tyubu, hakuna kiraka.

Fundi atakuambia anaweza, atapaka solusheni, atakuwekea kiraka chenye tundu katikati kizuri kuliko tyubu yenyewe. Kitashika mpaka ubebe abiria watatu na gunia la mchele. Pale mahali panajikunja kila gurudumu linapozunguka. Weka tyubu mpya, kisha ujiulize iliyokufa imekufa kwa nini. Mara nyingi jibu ni upepo mdogo: tairi linateleza kidogo kidogo juu ya ringi kila unapofunga breki, linaivuta tyubu, na shina linabaki kwenye tundu lake likinyongwa. Valvu ikianza kuinama upande mmoja ndiyo inakuaga, ichukulie hatua siku hiyohiyo. Kutu kwenye tundu la ringi nayo hukata, pitisha msasa. Kinati cha shina kisikazwe kwa spana.

5. Wenye tyubulesi, tairi zisizo na tyubu.

Valvu ya mpira ikionyesha nyufa ukiikunja, itoe yote. Tundu la kawaida ni milimita 11.3, paka maji ya sabuni na uivute mpaka iingie vizuri. Chukua fupi.

6. Kurudisha.

Tia tyubu upepo kidogo tu ipate umbo. Poda ya mtoto ndani ya tairi inasaidia isibanwe. Kabla ya kukaza, pitisha macho mzunguko mzima uone kama haijang'atwa kati ya vipande viwili. Nati kwa msalaba. Jaza, pima kwa geji, paka tena mate.

Na mkiilaza bajaji ubavu kwa sababu hakuna jeki, angalieni kifuniko cha tangi, na anayevuta sigara aende akavutie kwa wauza mkaa. Jana mlikuwa watano mmeishika, petroli inachirizika kwenye lami, na mmoja wenu anamulika kwa kiberiti cha gesi atafute nati iliyoanguka. Nati hizo zinauzwa dukani kwa kilo. Simu zenu zote zina tochi.