Picha za ini zinafifia kwenye kina: je, nitafute hadubini ya maltifotoni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya utafiti wa kichocho hapa Mwanza. Nimekata ini la panya aliyeambukizwa vipande vya maikromita 150, nikavihifadhi kwa formalini na kuvitia rangi inayong'aa kijani ili nione seli zinazozingira mayai ya minyoo. Vimo kwenye maji ya chumvi chini ya kioo, natumia lenzi ya kuzamishwa kwenye mafuta, inayokuza mara 63. Kwenye konfokali (hadubini ya leza inayopiga picha tabaka moja moja) picha ni safi juu juu, ila nikishuka maikromita 40 ni ukungu mtupu. Msimamizi ananishauri niombe nafasi nje ya nchi kwenye maltifotoni, hadubini ya leza inayoona ndani zaidi ya tishu. Ni lazima?

Jibu: Marahaba. Usikate tiketi bado. Jambo ulilolitaja kwa kupita ndilo ninalolitilia shaka kuliko yote: vipande vimo majini, lenzi ni ya mafuta. Mvuvi yeyote wa Kirumba anajua kwamba kasia likizama ziwani huonekana limepinda, na samaki hayupo pale jicho linapomwona. Kipimo cha kupinda mwanga ni 1.33 kwa maji, na karibu 1.52 kwa kioo na mafuta ya lenzi. Kadiri unavyoshuka ndani ya maji, miale ya pembeni na ya katikati haikutani tena mahali pamoja, na doa la leza linatanuka.

Hapo konfokali inaumia kuliko hadubini ya kawaida. Nguvu yake yote iko kwenye kile kitundu ambacho Marvin Minsky alikiombea hataza mwaka 1957: kinapitisha mwanga wa pale ulipolenga tu, na kuzuia wa juu na wa chini yake. Doa likivurugika, kitundu kinazuia hata mwanga unaoutaka. Wengi hapo huongeza nguvu ya leza, wakaiunguza rangi bure. Tafadhali usifanye hivyo.

Tafuta lenzi ya maji, au ya glisero huku vipande navyo ukiviweka kwenye glisero. Bora zaidi, vihamishe hatua kwa hatua hadi kwenye kimiminika cha kung'arisha tishu (kuifanya ipitishe mwanga) chenye kipimo kinachokaribia 1.52, ini lina mafuta na protini zinazotawanya mwanga, na kimiminika hicho hupunguza mtawanyiko huo. Kioo cha kufunikia kiwe cha milimita 0.17. Andaa pia kipande kimoja kisichotiwa rangi kabisa, kwa sababu maganda ya mayai ya kichocho hung'aa yenyewe, na formalini huongeza mng'ao. Bila kipande hicho huwezi kutetea kijani chako mbele ya mtahini.

Sasa maltifotoni. Wazo lake lilitoka kwa Maria Göppert-Mayer mwaka 1931, na hadubini yenyewe ikaonyeshwa na Denk, Strickler na Webb mwaka 1990. Fotoni (chembe za mwanga) mbili dhaifu, tuseme za nanomita 920, huifikia molekuli ya rangi karibu kwa wakati mmoja na kufanya kazi ya moja yenye nguvu. Hilo hutokea tu pale mwanga unaposongamana sana, ndiyo maana leza yake hupiga mapigo mafupi mno, kama femtosekunde 100 kila moja. Kwa kuwa mng'ao unazaliwa kwenye kitovu peke yake, kitundu hakihitajiki, na hata mwanga uliotawanyika njiani unakusanywa. Inafika mamia ya maikromita ndani ya tishu iliyo hai. Lakini vipande vyako vimekufa, vyembamba, na vinaweza kung'arishwa, kwa hiyo si lazima.

Kuna swali moja ambalo lingenifanya nikubaliane na msimamizi wako. Kama unachotaka kupima ni kovu linalojengeka kuzunguka yai, basi kolajeni (protini ya nyuzi) ya kovu hilo, ikipigwa na leza ya namna hii, hurudisha mwanga wa nusu ya urefu wa wimbi bila rangi yoyote. Konfokali ya kawaida haikupi hilo. Lakini hata hapo, tishu iliyohifadhiwa kwa formalini inasafirishwa. Omba utumiwe picha, wewe ubaki na panya wako.