Ami apewe figo ya mtu alokufa, tumwambie akubali?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Ami yangu yuko Birmingham, huu mwaka wa tatu yuwaenda dayalisisi, kuoshwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Juzi kaambiwa huenda akapata figo ya mtu ambaye moyo wake umesimama, sio yule wa ubongo kufa. Huku nyumbani Majengo ni zogo tupu, shangazi asema figo ya maiti ishapoa hiyo, bora angoje. Kweli hazidumu?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Shangazi namuelewa, huku kwetu tumezoea figo ya ndugu alie hai, na kusema kweli hiyo ndio bora kushinda zote kama ipo. Lakini hiyo ya maiti kupoa sivyo inavyokuwa. Huyo mtoaji yuko ICU, wodi ya mahututi, madaktari na familia yake washakubaliana hakuna tena matumaini, mashine ya kupumulia inaondolewa, moyo unasimama, pale Uingereza wanangoja dakika 5 nzima ndio daktari athibitishe kifo, na timu ya kupandikiza haina usemi wowote kwenye uamuzi huo. Baada ya hapo ni mbio mbio, figo inatolewa na kupozwa kwa barafu.

Sasa shida iko kwenye zile dakika. Mtu wa ubongo kufa, yaani ubongo umekufa kabisa lakini mashine bado yampumulisha, moyo wake bado wapiga mpaka figo zinapotolewa, damu haikatiki. Huyu wa pili figo imekosa damu kwa muda ingali na joto, kwa hivyo inashtuka, ikifika kwa ami yaweza kulala siku kadhaa ama hata wiki bila kufanya kazi sawasawa na yeye aendelee na dayalisisi hapo hapo wodini. Hili hutokea sana kwa figo za aina hii kuliko zile nyengine, na ndilo linalotisha watu wakadhani figo imekufa.

Lakini ikiamka imeamka! Kuna utafiti wa Uingereza ulotoka 2010, waliangalia figo zilizopandikizwa kuanzia 2000 hadi 2007, na kwa wanaopandikizwa mara ya kwanza zile figo zilikuwa zadumu sawa na za ubongo kufa mpaka miaka 5. Zilizofanya vibaya zaidi ni za watoaji wazee na zile zilizokaa kwenye barafu zaidi ya masaa 12. Mimi kwa hivyo simshauri angoje tu kwa sababu ya neno maiti, maana kungoja nako ni dayalisisi na moyo wake unachoka mwaka hadi mwaka.

Akipigiwa simu aulize mtoaji alikuwa na umri gani, figo itakaa masaa mangapi nje, na kama itawekwa kwenye ile mashine ya kuisukumia maji baridi, yasaidia isilale sana. Na mwambie shangazi mapema, wiki ya kwanza akisikia ami bado yuko dayalisisi asianze kulia, aulize tu kriatini, ule uchafu wa damu ambao figo huutoa, imeanza kushuka na mkojo watoka kiasi gani.