Nyoka uani: maswali ya wasomaji

SWALI: Wiki iliyopita nyoka aliingia chini ya rundo la kuni nyuma ya nyumba, pale pale watoto wanapochezea. Mume wangu alitaka kumpiga kwa fimbo, nikamzuia. Hatujamwona tena. Tuziondoeje hizo kuni?

JIBU: Ulifanya vyema kumzuia, dada. Nyoka wengi hufyatuka kiasi cha nusu ya urefu wao, kwa hiyo fimbo fupi humsogeza mpigaji hadi pale anapofikiwa. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa dakika nyingi baadaye.

Kuni ziondoeni mchana kweupe, watoto na mbwa wakiwa ndani. Vaeni buti, suruali nene na glavu za ngozi. Anzeni juu, gogo moja moja, mkivuta kwa reki au jembe. Mkono usiingie mahali ambapo jicho halijafika. Kipande cha bati au ubao kinyanyuliwe kwa ndoano ndefu, ukingo ulio mbali nawe uje upande wako, ili bati liwe ngao na nyoka atokee upande wa pili. Akionekana, rudini nyuma taratibu hadi mita 5, kwani swila hutema sumu mita 2 au zaidi, na hulenga macho. Mmoja amwangalie kwa mbali, mwingine aite mtu aliyefunzwa kukamata nyoka. Sumu ikiingia machoni, osheni kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi bila kusugua, kisha nendeni hospitali.

Mkizipanga upya, ziwe juu ya kichanja cha sentimita 30, mbali na ukuta.

SWALI: Nimeambiwa nizungushe salfa, naftalini au mafuta ya taa. Vinasaidia?

JIBU: Havisaidii. Nyoka huvipita, na naftalini mtoto huidhani peremende. Anachofuata nyoka ni panya, basi anza na panya: chakula cha kuku kisilale chini, nafaka ikae kwenye pipa lenye kifuniko, nyasi zikatwe fupi. Ziba kila tundu la ukutani linalozidi milimita 6, bila kusahau upenyo wa chini ya mlango. Kuzungushia uwa wote wavu ni gharama kubwa. Zungushia sehemu ya kuchezea tu, kwa wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6, sentimita 15 zikizikwa ardhini na 75 zikibaki juu, zimeinamishwa kuelekea nje. Nguzo ziwe upande wa ndani, la sivyo atazipanda.

SWALI: Mtoto akiumwa, nifunge kamba juu ya jeraha?

JIBU: Usifunge. Kamba huzuia damu, na mkono ambao ungepona huweza kuishia kukatwa. Usichanje, usinyonye, usiweke barafu wala jiwe jeusi. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, funga kiungo kwa banzi kama kilichovunjika, kisha mbebe, asitembee. Akitapika au kusinzia, mlaze ubavu wa kushoto. Asipewe aspirini, kwa kuwa sumu nyingine huzuia damu kuganda.

Wazazi hudanganywa zaidi na jeraha lisilouma. Sumu za baadhi ya nyoka hazivimbishi sana. Dalili ni kope kulegea, kuona viwiliwili na kushindwa kumeza, na kinachofuata ni kushindwa kupumua. Msingoje dalili hizo nyumbani. Andika saa aliyoumwa, na mkiwa njiani pigeni simu kuuliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka.