Kwa nini karudia unga baada ya miezi minne soba?

Umeuliza kama kaka yako kurudia unga wiki ileile aliyotoka soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, ni kiburi. Si kiburi, dada. Heroini, yaani huo unga, ikiingia mwilini hugeuka mofini, ikashika vipokezi vya ubongo vilivyowekwa kwa ajili ya dawa za maumivu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Ikija kila siku, vipokezi hupungua makali. Ndiyo maana kete moja ya mwanzo huwa tatu, nne. Halafu kuna sehemu ya shina la ubongo inayotoa noradrenalini, kemikali ya kuuamsha mwili. Unga huikandamiza, nayo hujizoesha kusukuma kwa nguvu zaidi. Unga ukikatika, breki imetoka: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Ndiyo arosto hiyo. Mwishowe mtu havuti apate raha, anavuta asiumwe.

Arosto kali huisha ndani ya wiki moja hivi. Kumbukumbu haiishi. Ubongo umeshajifunza kijiwe, foili, hata rafiki fulani. Akiviona tu, hamu inaamka kabla hajafikiri. Na mmemrudisha mtaa uleule.

Kinachonitisha zaidi: miezi minne imeshusha ustahimilivu wake, yaani mwili hauko tena na mazoea ya unga. Kipimo cha zamani sasa kinaweza kuzima pumzi. Akilala haamshiki, anakoroma ajabu, midomo imebadilika rangi, mkimbizeni hospitali hapohapo. Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, inatolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011: anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto haimpati. Wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga, waache waseme.