Jipu la ubongo: ni lazima kupasuliwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu, aliyekuwa akitoka usaha sikioni kwa miezi mingi, amepigwa picha ya CT na kukutwa na jipu dogo ndani ya ubongo. Tumeambiwa hatapasuliwa, atachomwa sindano tu. Je, wamemkatia tamaa?

JIBU: Marahaba. La, hawajamkatia tamaa. Ugonjwa huu ni adimu, na bakteria wake mara nyingi hutokea sikioni, puani au kwenye meno. Jipu likiwa chini ya sentimita 2.5 hivi, na mgonjwa ana fahamu timamu, dawa peke yake zaweza kulimaliza. Aghalabu ni seftriaksoni pamoja na metronidazo, kupitia mshipa, kwa wiki 6 hadi 8. Nakusihi sana: homa ikishuka na mgonjwa akaanza kuomba uji, msikubali aache sindano, kwa maana jipu lingali limo. Picha itarudiwa mara kwa mara, na jipu likikua, au akizidi kuumwa kichwa, akatapika, akalegea upande mmoja, itabidi usaha utolewe kwa upasuaji bila kuchelewa. Sikio nalo litibiwe hadi likauke.