Kibarua kimeota nyasi Nairobi: pesa gani ya kudai na vile utakaa nayo

Ndugu uliyeuliza kama serikali inalipa mtu aliyefutwa kazi, vile binamu yako wa Uingereza analipwa, jibu ni hapana. Hapa Kenya hakuna fomu ya kujaza uanze kupata kitu kila mwezi. Na usipoteze nauli kwenda NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, ukidhani utatoa akiba yako juu umeachishwa, mimi nilienda pale Bishops Road na barua yangu mkononi, mama wa kaunta akaangalia mwaka wa kuzaliwa kwa kitambulisho akacheka kidogo akaniambia nirudi nikigonga hamsini.

Kwa hivyo ile pesa utaishi nayo ni ile ya mwajiri, na ya kupigania kabla hujasaini kitu. Umesema wanapunguza watu na umefanya miaka sita. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliomaliza, so hapo ni siku 90. Ongeza notisi ya mwezi mmoja ama mshahara wake, likizo ambayo hukuchukua, na siku umefanya mwezi huu. Siku moja ni mshahara ugawe kwa 26 ama kwa 30? Hapo watakubishia, we uliza wamegawa kwa ngapi.

Mimi HR waliniwekea karatasi mbili, moja ya hesabu na nyingine imeandikwa nimelipwa yote na sina dai lingine, na kalamu ishafunguliwa iko juu yake. Kuangalia hesabu, likizo ya mwaka mzima imerukwa. Nikatoa simu nikamwonyesha jamaa wa HR emaili ya mdosi akiniambia niahirishe likizo juu ya kazi mingi. Jamaa akasoma, akakohoa, akaenda kwa watu wa akaunti, hesabu ikarudi ingine. Kwa hivyo jitumie peislipu, P9 (ile karatasi ya ushuru ya mwaka) na emaili za likizo saa hii kabla wakufungie akaunti, na uitishe cheti cha utumishi, hicho ni haki yako hata kama mmeachana vibaya. Wakikataa kulipa, ofisi ya leba iko, na kupeleka malalamiko huko hulipishwi.

Pesa ikiingia usitangaze ushago, utashtukia kila mtu ako na ng'ombe mgonjwa. Yangu niliweka MMF (akaunti ya uwekezaji yenye riba) nikawa najilipa kwa M-Pesa kila Jumatatu, kidogo tu, ikiisha Alhamisi basi ni sukuma na strungi, chai bila maziwa, mpaka Jumatatu ingine. Lakini chakula sio kitu itakumaliza, ni kodi ya nyumba. Watu hukwama kwa nyumba kubwa wakingoja kazi ya mwezi ujao, na huo mwezi haufiki, mimi nilitoka Umoja nikaingia singo, chumba kimoja, Kayole mapema, landilodi akakubali dipoziti ilipe mwezi wa mwisho. Watoto walilia wiki moja wakapata marafiki.

Kama uko na loni ya sacco iliyokuwa ikikatwa kwa mshahara, hiyo usinyamazie, kwa sababu ukikosa kulipa wanaosumbuliwa ni wale walikudhamini kwa hiyo loni, na ni watu wa ofisi yenu, wengine pia wamefutwa. Enda uombe wapunguze malipo ya kila mwezi wakiwa bado wanakuona mtu mzuri.

SHA nayo, ile bima ya afya ya serikali, ile 2.75% ya mshahara inaisha na kazi, so piga *147# ubadilishe uwe mtu wa kujilipia. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi lakini wanataka ya mwaka mzima kwa mara moja, so itoe kwa hiyo pesa ya kwanza kabla ianze kuliwa, hasa ukiwa na mtoto mdogo.

Wamekuandikia siku ngapi za likizo? Weka hapa na mshahara wa mwisho tupige hesabu kabla usaini.