Kinachojivuta kwenye nepi, kipeleke chenyewe maabara

Mwanangu alikuwa na miezi 14. Nilifungua nepi asubuhi nikakuta vitu vitatu vyeupe juu ya kinyesi, mfano wa punje za mchele uliopikwa. Nikajua ni chakula kilichopita bila kusagika, nikaikunja nepi, nikaitupa. Siku ya tatu vikarudi, na safari hii kimoja kilijivuta. Kilirefuka kikawa chembamba, kikajikusanya kikawa kifupi na kinene, kisha kikasogea pembeni. Mwili ulinisisimka. Punje ya mchele haitembei.

Naandika kwa sababu ilichukua wiki 9 kukipatia kitu kile jina, yaani kipande cha tegu, mnyoo bapa wa utumbo, na sehemu kubwa ya wiki hizo tungeweza kuziokoa.

Kosa la kwanza lilikuwa maneno yangu. Nilifika kliniki nikasema, "Mtoto ana minyoo midogo, myeupe." Kwa mtu anayehudumia watoto kutwa nzima, maneno hayo yana maana moja: ile minyoo midogo kama uzi ambayo majike yake hutoka usiku kutaga mayai kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa, mtoto akawa anajikuna. Ndiyo ya kawaida mno kwa watoto. Tukaandikiwa mebendazoli, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili "punje" zikaonekana tena, tukapewa albendazoli. Zikaonekana tena. Tukaambiwa mtoto anajiambukiza upya, tufue mashuka na kumkata kucha. Nilifua mashuka mpaka vidole vikachubuka.

Mara mbili choo kilipimwa, mara mbili jibu likawa hakuna kilichoonekana. Hapo ndipo wazazi wengi tunapokata tamaa, au tunaambiwa tunaona visivyokuwepo. Kumbe kuna sababu. Tegu wa aina hii hamwagi mayai yake ovyo ndani ya choo. Huyafungia ndani ya pingili, yaani vipande vinavyounda mwili wake, na pingili hukatika mwishoni mwa mwili wake na kutoka nzima, nyingine zikitambaa zenyewe. Fundi wa maabara akichota kidogo tu mahali pasipo na pingili, hawezi kuona kitu, hata awe hodari namna gani. Jibu hilo halikuwa la uongo. Lilihusu ule mchoto mdogo uliowekwa kwenye kioo, basi.

Kilichotuokoa ni kichupa. Mama yangu mzazi ndiye aliyeniambia, "Acha kuwaeleza, wapelekee wakione." Nikaenda na pingili mbili kwenye kichupa safi cha maabara chenye maji ya chumvi ya hospitali, pamoja na video ya sekunde 20 niliyoipiga kwa simu pale pingili ilipokuwa bado inajivuta. Kaka mmoja wa maabara akaitoa moja kwa kibanio, akaibana katikati ya vioo viwili, akainama kwenye darubini. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniita, "Mama, njoo uangalie."

Niliona vifuko, vingi, vimejipanga kama zabibu, na ndani ya kila kifuko vidonge vya mviringo. Hayo ndiyo mayai, huwa 5 hadi 15 kwenye kifuko kimoja, pengine zaidi. Halafu akanionyesha kitundu kidogo upande wa kushoto wa pingili, na kingine upande wa kulia. Tegu wa nyama ya ng'ombe na wa nguruwe wana kitundu upande mmoja tu kwa kila pingili. Huyu anavyo pande zote mbili, na jina lake la kitaalamu, Dipylidium caninum, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya milango miwili. Ni tegu wa mbwa na paka.

Akaniuliza swali ambalo kwa wiki zote hizo sikuwa nimeulizwa: "Nyumbani mna mbwa?" Tunaye. "Ana viroboto?" Nikainamisha kichwa. Mtoto haambukizwi kwa kulambwa tu wala kwa kugusa kinyesi cha mbwa. Mayai huliwa kwanza na buu wa kiroboto, tegu mchanga anakulia ndani yake, na mtoto humeza kiroboto mzima mwenye huyo tegu mchanga. Mtoto anayetambaa sakafuni, anayemkumbatia mbwa kisha akatia vidole mdomoni, ndiye hasa anayemmeza. Ndiyo maana ugonjwa huu, ingawa ni nadra kwa binadamu, ukitokea mara nyingi huwa kwa watoto wadogo.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukiona kitu, kitazame vizuri kabla hujasema "minyoo". Ni kama uzi, au ni bapa kama punje ya mchele au mbegu ya tango? Kinajivuta? Kimetoka mchana pamoja na choo, au umekiona usiku kwenye ngozi? Kikikauka huwa kigumu na cha manjano, mfano wa ufuta, na kinaweza kukutwa kimeganda kwenye nguo. Mweleze daktari mnafuga nini. Mwambie pia kama mtoto ameanza kula nyama, kwa sababu tegu wa ng'ombe na wa nguruwe huingia kwa nyama isiyoiva, na mtoto ambaye hajaonja nyama kamwe anakuwa ameshajibu swali moja. Wakisema ni ile ya uzi, omba kipimo cha selotepu: hubandikwa kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa alfajiri kabla ya kuoga, kisha hutazamwa kwa darubini. Kisipoonyesha kitu na punje zinaendelea kutoka, usikubali dozi ya tatu ya dawa ileile. Sema kwa heshima, lakini sema.

Jina lina uzito kwa sababu dawa ni tofauti. Mebendazoli na albendazoli tulizopewa hazikumng'oa tegu huyu. Dawa yake ni prazikwanteli, dozi moja tu, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, na apange daktari, hasa kwa mtoto mdogo hivi. Usiinunue mwenyewe kwa kubahatisha. Mabuu ya tegu wa nguruwe yanaweza kujikita kwenye ubongo, na kwa mtu wa namna hiyo dawa hii inaweza kuleta degedege. Lazima ijulikane kwanza ni tegu yupi.

Mwanangu alimeza dawa jioni, imesagwa na kuchanganywa na chakula kwa sababu ni chungu mno. Tegu mwenyewe hatukumwona akitoka. Aghalabu humeng'enywa tumboni. Siku hiyohiyo mbwa alipewa dawa ya minyoo na ya viroboto, na malazi yake yakafuliwa. Tegu mpya huchukua wiki 3 hadi 4 kukomaa, kwa hiyo kimya cha siku chache hakikunituliza. Kwa wiki 6 nilifungua kila nepi karibu na dirisha, kwenye mwanga, kichupa kikiwa mezani. Hakikupata kazi tena.